Sefti Iliyokutwa Wazi

Karatu, 14 Januari 2024

Baba mdogo Hasani,

Asalaam aleikum. Sisi huku tuko salama. Mama magoti yanamsumbua lakini bado anabishana na wauza mkaa, kwa hiyo ujue ni mzima. Ndugu yangu Sadiki ameoa, nadhani habari hizo zilikufikia, na amehamia Endabash kwenye lile shamba la baba. Mimi nipo palepale karakana. Watu wameanza kuzoea kumkuta mwanamke kwenye meza ya baba, fundi Dauda, ingawa wapo bado wanaoingia na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Nawaambia anakuja, nawaacha wasubiri mpaka wachoke.

Sijawahi kukuandikia. Josephati, dereva wa lori la unga, amesema huko Kakesio simu haishiki mpaka mtu apande kilima, na kwamba wewe hupandi. Basi nimempa yeye barua. Najua tuna miaka mingi hatujasemezana. Najua pia kwamba siku ya tatu baada ya kumzika baba ulikuja, ukakaa kwenye benchi la nje, mama hakutoka, na mimi sikutoka. Nilikuona kupitia dirisha. Sitajifanya sikukuona.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni bunduki ya baba. Tangu afariki ilikuwa imehifadhiwa polisi, kama sheria inavyotaka. Sasa Sadiki amepata kibali chake. Nguruwe pori wanashuka kutoka msituni wanalala katikati ya mahindi yake kana kwamba wamepanga, na anataka bunduki iwe tayari kabla mahindi hayajakomaa. Ameileta kwangu niibadilishe triga na sefti, kile kizuizi cha usalama, maana ni vya kale na vigumu. Vipya nimevipata kwa muuzaji wa Arusha, seti nzima, viko mezani ndani ya boksi lao.

Ningeshavifunga zamani. Lakini wiki yake ya mwisho baba aliniambia, "Ile bunduki usiiguse triga kabla hujamuuliza Hasani." Nikamuuliza nikuulize nini. Akageukia ukutani. Nilidhani ni homa. Sadiki anasema alitaka tusisahau ulichofanya mwaka 2006, ulipoacha sefti wazi porini na risasi ikamvunja mguu Lemayian, mfuata nyayo wenu. Mimi sijui alitaka nini. Nauliza kwa sababu niliambiwa niulize.

Mwanao,
Kauthar


Kakesio, 9 Februari 2024

Mwanangu Kauthar,

Waaleikum salaam. Barua yako ilikaa wiki mbili chini ya kiti cha Josephati, ikafika inanuka dizeli, nikaisoma hivyohivyo mara tatu. Mwandiko wako ni wa baba yako, ule wa kuegemea nyuma kama mtu anayevutwa shati. Nilipoona bahasha tu nilishtuka, nikadhani marehemu ameniandikia.

Huku majani yapo mwaka huu, na mchungaji asipokuwa na la kulalamikia hujisikia mgonjwa. Ule mwaka wa ukame tulitembea na ng'ombe mpaka Olbalbal tukitafuta maji, tukakuta wenzetu wa huko nao wanachimba mchanga, tukageuza. Mimi nina miaka sitini na miwili na miguu yangu bado inanisikia. Nina kiduka cha sukari, majani ya chai na dawa ya kuogeshea mifugo. Naswali peke yangu nyuma ya duka, na watoto wa boma wameshajua saa zangu, wananinyamazia.

Lemayian hajambo. Anatembea kwa fimbo yake na anasema mguu mbovu humtangazia mvua kabla ya redio. Ng'ombe wake wananijua mimi kuliko wanavyomjua yeye, na hilo linamkera sana.

Mpe Sadiki hongera. Mwambie nimefurahi, kama atapenda kusikia.

Kuhusu bunduki, badilisha vyote viwili, triga na sefti. Usibakize kimoja. Vile vya zamani usivijaribu wala usivichunguze, vitoe uvitumbukize kwenye shimo la choo. Na umwambie Sadiki mtutu usimwelekee mtu yeyote, hata bunduki ikiwa tupu, hata ikiwa imekaa mezani vipande vipande. Hilo ndilo la kumfundisha. Mengine yote ni vyuma.

Kilichotokea mnakijua, sina la kuongeza. Msalimie mama yako kama unaona inafaa. Kama haifai, acha.

Baba yako mdogo,
Hasani


Karatu, 25 Februari 2024

Baba mdogo,

Asalaam aleikum. Tuko wazima. Mvua zimeanza kuchungulia na vumbi la mjini limetulia kidogo. Salamu zako kwa mama sikuzifikisha, nilimwangalia usoni nikaona haifai.

Umeniandikia ng'ombe ukurasa mzima na bunduki mistari michache. Halafu unamwambia fundi asichunguze. Ulitegemea nini?

Nimeijaribu. Niliibana kwenye jiriwa, nikakagua chemba ya risasi mara mbili kuwa ni tupu, kama baba alivyonifundisha. Nikakoki iwe tayari kupiga. Nikafunga sefti. Kisha nikaifungua sefti kwa dole gumba, mkono wangu wa pili ukiwa mfukoni mwa aproni ili nisijidanganye. Pini ya kufyatulia risasi ikapiga, tak. Hakuna mtu aliyegusa triga, baba mdogo. Nilikuwa peke yangu karakana nzima. Nikarudia mara kumi, na mara nne kati ya hizo pini ilipiga yenyewe pale sefti ilipofunguka.

Nikakaa chini. Nikaanza kufikiria kitu ambacho kila mtu wa nyumba hii anakijua na hakuna aliyewahi kukiwaza. Hii bunduki ni ya mtindo wa kale. Sefti ikiwa imefungwa, bolti, lile komeo la chemba, haifunguki kabisa. Kwa hiyo mtu akitaka kutoa risasi ndani ili bunduki ibaki salama, lazima kwanza afungue sefti. Hana njia nyingine. Mtu mwangalifu kuliko wote duniani, akimaliza kuwinda na akitaka kuondoa hatari, ataifungua sefti kwa mkono wake.

Sisi tumesema miaka kumi na minane kwamba sefti ilikutwa wazi, kwa hiyo Hasani alisahau. Sasa nakuuliza. Siku ile uliisahau wazi, au ulikuwa unaifungua ili utoe risasi? Na kidole chako kilikuwa wapi?

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Marehemu bibi Sikudhani, mama yenu, aliposema usikanyage tena mlangoni kwake, mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikaona amefanya haki. Nilikuwa nakupenda kuliko ndugu wote wa baba, na nikaacha kukupenda siku ile ile, kabla mchele haujaiva. Bibi alikufa hajalitaja jina lako. Nijibu hilo moja tu, habari za ng'ombe nitazisoma baadaye.

Kauthar


Karatu, 17 Machi 2024

Baba mdogo,

Ramadhani njema. Mama anafunga ingawa daktari alimkataza, nami sina nguvu ya kushindana naye.

Wiki tatu sijapata jibu. Josephati anasema barua alikukabidhi mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaiweka mfukoni, kisha ukamuuliza habari za barabara. Nilipomuuliza ulikuwa na uso gani akasema, "Uso wa Hasani." Amekuwa na adabu siku hizi huyo.

Basi nikuambie nilichokiona mimi, na wewe ukae kimya ukipenda.

Nimeitoa triga ya zamani. Nimesukuma pini zake mbili kwa nyundo ndogo ya shaba, nikaiweka kwenye kitambaa cheupe, nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Lile jino linaloizuia pini isipige limepigwa tupa. Lilikuwa na ncha kamili, sasa lina mteremko. Mtu alitaka triga iwe nyepesi, akalipunguza. Chuma kile kina ngozi ngumu juu, nyembamba sana, na ndani ni laini. Ukishaiondoa ngozi kwa tupa, kinachobaki huwezi kukiamini hata siku moja.

Michirizi ya tupa imelala upande wa mkono wa kushoto. Nimeilinganisha na kazi nyingine zilizomo humu karakana, bawaba, kufuli, hata makasi ya mama. Ni mkono uleule. Nimesoma kwa mkono huo miaka tisa. Mafundi wa bunduki wanaotumia mkono wa kushoto katika mji huu hawazidi mmoja, na tulimzika.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilisogeza tupa karibu na jino la triga ya mteja, na baba akanipiga kofi mkononi, tupa ikaruka mpaka barabarani. Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo wala baada. Akasema jino la triga haliguswi na tupa, likiwa zito linabadilishwa, haliguswi. Nilidhani ni ukali wa mwalimu. Sasa najua alijifunzia wapi.

Sadiki anapiga simu kila siku, nguruwe wanakula. Mama sijamwambia. Nakaa naye kwenye futari nikimtazama na kumeza tende bila kuonja ladha yake. Sitafunga kipya mpaka unijibu, kwa sababu nikifunga lazima niandike sababu kwenye daftari la matengenezo, na sijui niandike nini.

Kauthar


Kakesio, 14 Aprili 2024

Mwanangu Kauthar,

Eid mubarak, imepita lakini baraka haina tarehe. Mimi nilichinja mbuzi mmoja na boma zima likala, hata wachungaji wa Kilutheri walikuja na wakarudia. Mvua imekata barabara mara mbili. Lori la Josephati lilikwama korongoni siku nne na unga ukalowa, tumekula ugali wenye harufu ya gunia. Lemayian amepata ndama jike, mweupe. Kanuni ya barua ni salamu kwanza, nami nimezirefusha kadiri nilivyoweza. Sasa nakujibu.

Kidole changu kilikuwa nje, juu ya mbao.

Mwaka uliotangulia, baba yako alimkosa nyati kwa umbali wa kutoka karakana mpaka msikitini. Hakuna mtu anayekosa pale, Kauthar. Mimi nilimcheka. Nilimcheka mnadani, kwenye banda la nyama choma, mbele ya watu wanaomheshimu, nikaigiza namna alivyokuwa anavuta triga huku amekunja uso. Watu walicheka mpaka machozi. Yeye naye alicheka, lakini nilimjua kaka yangu. Msimu uliofuata, tukiwa njiani kuja huku na vibali vyetu, akanipa bunduki ikiwa tupu akasema, "Hebu isikie ilivyo laini sasa." Nikaivuta. Nikamsifu. Sikumuuliza ameifanyaje.

Asubuhi ile tulipata nyati. Dauda akachukua gari na mzigo wa kwanza wa nyama kupeleka kambini, akaniachia bunduki. Tukabaki mimi na Lemayian, aliyekuwa akitufuatia nyayo. Yeye alikaa chini ananoa kisu, mimi nikakaa kwenye jiwe mbele yake, bunduki mapajani. Nikawaza kazi imekwisha, nitoe risasi. Nikafungua sefti.

Mtutu ulikuwa unamwelekea. Hilo hakulifanya baba yako. Alipiga tupa, ndiyo, lakini tupa haikugeuza mtutu ukamtazama mtu. Hilo ni langu peke yangu, na ndiyo maana sikuwa na haraka ya kujitetea, wala sasa sina.

Dauda aliporudi tulimfunga Lemayian mguu kwa shuka lake, tukampakia. Ndipo akaiokota bunduki kwenye majani. Akaangalia sefti, iko wazi. Akatoa ganda la risasi, akakagua chemba, akakoki, akafunga sefti, akaifungua. Tak. Akairudia mara moja tu. Kisha akanitazama, akasema, "Twende." Hospitalini polisi walipouliza alisema, "Sefti ilikutwa wazi." Kweli tupu, mwanangu. Hakuna neno la uongo hapo. Nilisimama pembeni nikisubiri aongeze sentensi ya pili, na nilisubiri hivyo miaka mingi.

Nilijua angenyang'anywa leseni. Karakana ndiyo ilikuwa inawalisha nyinyi wawili na mama yenu na bibi yenu. Mimi sikuwa na mke wala mtoto. Mwanzoni nilikaa kimya kwa hesabu hiyo, nikidhani mambo yakitulia atasema. Bibi yako aliponifukuza nilimtazama Dauda, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimchukia kaka yangu miaka kama kumi, nakuambia wazi. Nilikuwa nikichunga ng'ombe huku nikigombana naye kichwani kutwa nzima. Halafu chuki ikaisha, sijui siku gani, nikabaki namkumbuka tu.

Unaweza kushangaa kwa nini nilikuja kuishi kwa mtu niliyemvunja. Wazee wa boma walikaa kikao wiki ya kwanza. Lemayian aliwaambia bunduki ilijipiga, kwamba alikuwa amekaa mbele yangu na aliuona mkono wangu. Kwa hiyo hawakunidai ng'ombe, walinidai miguu. Walisema nichunge mifugo yake mpaka asimame. Alisimama mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa nimeshazoea, na nyumbani hapakuwa na mlango.

Huyo ndiye mtu pekee aliyeona. Polisi hawakumuuliza, alikuwa kwenye maumivu na baba yako alishaeleza. Na huko nyumbani, tangu siku ile mpaka leo, hakuna aliyewahi kumuuliza. Mmenijadili mimi, mmemhurumia yeye, mlimtumia sukari na blanketi. Swali hamkumtumia.

Sasa nakuomba. Najua daftari lako la matengenezo lina mahali pa kuandika sababu, na najua polisi hulipitia. Andika "imechakaa". Chuma huchakaa, hakuna atakayeshangaa. Mwache Dauda alale na jina lake. Mimi hili nimeshalibeba, halinilemei tena.

Hasani


Karatu, 5 Mei 2024

Baba mdogo,

Asalaam aleikum. Mimi ni mzima. Mama nitakueleza.

Bunduki nimeimaliza. Triga mpya imeingia vizuri, ila sefti yake inakaa ubavuni, kwa hiyo nililazimika kuchonga mbao ya kitako kidogo kwa patasi, unene wa ukucha tu. Skrubu zake nimezizuia zisilegee kwa rangi ya kucha niliyoazima kwa Marsela wa saluni, nyekundu ya kung'aa. Uzito wa triga nimeupima kwa mizani ya ndoano ya muuza nyama, kilo mbili kasoro kidogo, na sitaupunguza hata Sadiki akilia. Nimeikoki tupu nikaipiga kitako kwa nyundo ya mpira pande zote, haikutema, pini haikupiga. Nimefunga na kufungua sefti mara mia moja. Haikutema. Na hii mpya, sefti ikiwa imefungwa, bolti inafunguka. Mtu anaweza kutoa risasi bila kufungua chochote. Nilipofika hapo nililia, nikiwa nimeishika bisibisi, mteja akaingia akatoka.

Sikuandika "imechakaa".

Nimeandika hivi: "Triga na sefti vimebadilishwa. Sababu: jino la triga lilipigwa tupa na fundi Dauda mwaka 2006. Bunduki hutema sefti inapofunguliwa. Ajali ya mwaka huo ilitokana na kasoro hii." Nikatia sahihi yangu.

Umeniomba, nami nimekukatalia, na sitakuomba radhi kwa hilo. Unasema huoni uzito. Mimi nauona. Nilikuwa nimekaa ndani siku ya tatu ya msiba na wewe uko nje. Na wewe unasema baba alale na jina lake, lakini baba mwenyewe ndiye aliyenituma. Aliniambia nikuulize. Alijua mimi nikiifungua nitaona mkono wake. Angeweza kuibadilisha triga ile mwenyewe wakati wowote, miaka yote hiyo, nusu siku ya kazi, na hakuna ambaye angejua. Hakuibadilisha. Nadhani hakuweza kusema, akaacha chuma kiseme, na akanichagua mimi nisikilize. Nimemkasirikia sana na bado namlilia.

Ofisa wa polisi amelisoma daftari. Aliuliza maswali, akachukua nakala ya ukurasa, akasema nitaitwa. Sijaitwa bado. Huenda watafunga karakana, huenda hawatafunga. Sadiki amesikia yote, kisha akaniuliza kama wewe hupenda kahawa au chai. Hakukumbuka.

Mama ndiye jambo zito. Nilimwonyesha daftari, nikamwonyesha lile jino. Alilishika, akaliweka chini, akasema mtu aliyekufa hawezi kujibu, na chuma hakina ushahidi, na mimi nimemuuza baba yangu kwa mtu aliyetuletea aibu. Akasema, "Kama Hasani ana la kusema, aje alisemee hapa mbele yangu." Akafunga nguo zake akaenda Endabash. Leo siku ya tisa hapokei simu yangu. Sadiki anasema atarudi mwisho wa mwezi kwa ajili ya kliniki ya magoti.

Nimebaki peke yangu nyumbani. Sikuombi uje kumshtaki baba. Nakuomba uje, basi.

Mwanao,
Kauthar


Kakesio, 19 Mei 2024

Mwanangu Kauthar,

Waaleikum salaam. Huku mvua imepungua na barabara inapitika. Ndama mweupe anaendelea kunyonya vizuri. Mimi ni chai, mwambie Sadiki, ya maziwa, sukari nyingi.

Barua yako ilinikasirisha. Nilikuomba jambo moja tu katika maisha yako yote, na ukaandika jina la kaka yangu kwenye daftari la polisi kwa wino. Siku tatu sikutaka kukujibu. Siku ya nne niliona kwamba nilichokuwa nakiita hasira kilikuwa ni woga, kwamba mlango ukifunguliwa itanibidi niingie. Nimekaa nje muda mrefu mpaka nikaona ni kwangu.

Niliamua nikuandikie kwamba siji. Siwezi kukaa mbele ya shemeji Salha nikamwambia mumewe alifanya hivi na vile. Aliishi naye miaka thelathini, mimi ni nani wa kumvurugia? Hata nikisema, ataona najitetea, na atakuwa na haki ya kuona hivyo. Nilianza kuandika hivyo. Lemayian akaja dukani kutafuta chumvi ya ng'ombe, akanikuta, akataka kujua naandika nini kwa sura ile. Nikamsomea barua zako zote, hata ile ya mwanzo.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo mama anataka mtu aseme?"

Nikamwambia anataka mimi niseme, nami siwezi.

"Wewe nani amekuhitaji?" akasema. "Wewe siku ile ulikuwa unaangalia bunduki. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe."

Nikamwambia Karatu ni mbali kwa mguu wake, lori linarusha, korongo bado halijakauka. Akasema amekaa hapa miaka kumi na minane na watu wa Karatu wanajua mguu wake kuliko wanavyomjua yeye. Akaniuliza Josephati anarudi lini. Chumvi aliisahau juu ya meza.

Barua hii inatangulia na Josephati kesho. Safari yake inayofuata tutapanda naye, tufike kwenu Jumamosi tarehe moja Juni, mchana, inshallah. Mrudishe mama yako kabla ya hapo, mwambie tu kuna wageni, na akiuliza ni akina nani usimdanganye. Atakayesema ni Lemayian, kwa Kiswahili chake, na mimi nitakaa nisikilize kama wengine. Sijui shemeji atafanya nini akisikia. Sijui hata kama atatufungulia.

Lemayian amesema umpelekee mama yako salamu zake kabla, na umwambie kwamba haji kudai mguu. Anakuja kuulizwa.

Hasani